Jicho Halina Kipuri: Namna ya Kuchagua Miwani ya Kinga kwa Kazi za Gesi na Grenda

Karasha moja linaposimama katika mialo ya Rwamgasa, watu wengi husimama nalo. Mawe hayasagwi, mwenye duara hangojei tena marudio ya siku hiyo, na mama anayeuza chakula pembeni hukosa wateja. Ndiyo maana fundi akiitwa huja upesi, grenda mkononi na vifaa vya gesi vikimfuata nyuma. Katika haraka hiyo, kifaa kinachosahaulika mara nyingi ni kile kilicho chepesi kuliko vyote, nacho ni miwani ya kinga.

Wapo mafundi wanaoivaa, lakini si kila anayevaa miwani amejikinga. Mmoja huvaa miwani ya jua mbele ya moto wa gesi kwa sababu ni nyeusi. Mwingine huvaa miwani ya gesi anaposaga chuma kwa grenda, kisha huisukuma hadi kwenye paji la uso kwa kuwa haoni mstari anaoukata. Wa tatu hutegemea miwani ya kusomea. Wote watatu wana kitu machoni, na wote watatu wako hatarini. Miwani ya kinga haichaguliwi kwa weusi wala kwa bei yake. Huchaguliwa kwa kuangalia hatari inayolikabili jicho katika kazi husika.

Hatari mbili zisizofanana

Hatari ya grenda ni mwendo. Grenda ndogo yenye diski ya milimita 115, iliyozoeleka kwa mafundi wengi, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo, ukingo wa diski husafiri karibu mita 66 kwa sekunde, sawa na kilomita 240 hivi kwa saa. Chembe ya chuma, au kipande cha diski iliyopasuka, huweza kuondoka kwa mwendo unaokaribia huo. Uso wa fundi ukiwa nusu mita kutoka kwenye diski, chembe hiyo humfikia kabla haijapita sehemu moja ya mia ya sekunde. Kope hazina muda wa kufunga. Anayesema kwamba atafumba macho cheche zikija anajidanganya.

Hatari ya moto wa gesi ni mwanga na joto. Mwali wa oksijeni na asetilini hufikia zaidi ya nyuzi joto 3,000 za Selsiasi. Chuma kinachoyeyuka mbele yake hutoa mwanga mkali unaoonekana, pamoja na miale ya joto isiyoonekana. Mwanga mkali huchosha macho na kumfanya fundi aone madoa anapogeuka pembeni. Miale ya joto ni hatari zaidi kwa sababu haiumi wakati inapoingia. Imejulikana kwa muda mrefu, hasa miongoni mwa wafanyakazi wa tanuu za vioo na vyuma, kwamba miale hiyo ikilipiga jicho kwa miaka mingi huweza kuleta mtoto wa jicho, yaani ukungu unaofunika lenzi ya jicho. Kwa hatari hizo mbili huongezeka matone ya chuma na ya dawa ya kuungia yanayoruka.

Kwa hiyo kazi ya grenda inahitaji kioo cheupe kinachoonyesha vizuri lakini kisichovunjika, na kazi ya gesi inahitaji kioo chenye giza lililopimwa. Miwani moja ya kawaida haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa ukamilifu.

Miwani ya kazi ya grenda

Kioo cha miwani ya grenda kinafaa kiwe cha polikaboneti, plastiki ngumu inayostahimili kishindo bila kupasuka vipande. Kioo cha kawaida cha miwani ya kusomea hakikutengenezwa kwa kishindo hicho. Kikivunjika, vipande vyake navyo huweza kuingia jichoni.

Umbo nalo lina maana. Miwani yenye mikono ya masikioni, hata ikiwa imara, huacha nafasi juu, chini na pembeni. Cheche zinazogonga shavu au ukuta hurudi na kupita humo. Kwa kazi ya grenda ni bora kuchagua miwani inayozunguka jicho lote na kushikwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Matundu yake ya hewa yawe yamefunikwa, ili hewa ipite lakini vumbi na cheche zisipite moja kwa moja. Anayetumia miwani ya daktari atafute ile pana inayovaliwa juu ya miwani yake, wala asilazimike kuchagua kati ya kuona na kujikinga.

Ngao ya uso, ile ya plastiki inayofunika kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, ni nyongeza nzuri kwa diski kubwa na kazi ndefu. Hata hivyo haichukui nafasi ya miwani, kwa kuwa chini na pembeni yake iko wazi. Utaratibu ulio salama ni kuvaa miwani kwanza, kisha ngao juu yake.

Miwani ya kazi ya gesi

Vioo vya kuchomelea hupewa namba kulingana na giza lake. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unaopita unavyopungua. Kioo cha namba 3 hupitisha takriban sehemu 14 katika 100 za mwanga unaoonekana. Cha namba 5 hupitisha takriban sehemu 2 katika 100. Cha namba 10 hupitisha takriban sehemu moja tu katika 7,000.

Mwongozo wa usalama kazini wa Marekani, unaotumiwa pia mahali pengi nje ya nchi hiyo, unataja viwango vya chini vifuatavyo kwa kazi za gesi:

- Kulehemu kwa risasi: namba 2.
- Kuunga vyuma kwa waya wa shaba ya manjano: namba 3.
- Kukata kwa gesi chuma chenye unene usiofika milimita 25: namba 3.
- Kuchomelea kwa gesi bati au chuma chenye unene usiofika milimita 3: namba 4.
- Kuchomelea kwa gesi chuma cha milimita 3 hadi 12 hivi: namba 5.
- Kuchomelea kwa gesi chuma kinene zaidi ya hapo: namba 6.

Hivyo ni viwango vya chini, na si lazima fundi akomee hapo. Njia nzuri ni kuanza na kioo cheusi kidogo kuliko kinachohitajika, kisha kushuka hatua moja moja hadi fundi aone vizuri anachokiunga, bila kupita kiwango cha chini. Fundi akiona madoa baada ya kuondoa macho kwenye mwali, hiyo ni dalili kwamba kioo chake hakitoshi.

Kuyeyusha kiasi kidogo cha dhahabu kwa kichomeo cha gesi, kazi ifanywayo na masonara na wanunuzi, kunakaribiana na kuunga kwa shaba ya manjano. Ni busara kuanzia namba 4. Boraksi inayotiwa ili kusafisha dhahabu hutoa mwanga mkali wa njano inapopata moto, na mwanga huo humfanya anayetazama asogeze uso karibu zaidi ili aone kama dhahabu imeshikana. Kioo sahihi humwezesha kuona akiwa amekaa mbali.

Swali huulizwa mara nyingi: kwa nini miwani ya jua isitoshe, ikiwa nayo ni nyeusi? Miwani mingi ya jua iliyo nyeusi hupunguza mwanga unaoonekana kwa kiasi kinachokaribia kile cha kioo cha namba 3, lakini haikutengenezwa kuzuia miale ya joto. Tena, giza hufanya mboni ya jicho ipanuke. Jicho lililofunguka hivyo hupokea miale mingi zaidi ya ile isiyozuiwa, huku mwenye jicho akijiona yuko salama. Zaidi ya hayo, miwani ya jua iko wazi pembeni, na mingi haistahimili kishindo.

Onyo moja halina budi kusisitizwa. Miwani ya gesi, hata yenye namba 5 au 6, haifai kabisa kwa kuchomelea kwa umeme. Kazi hiyo kwa kawaida huhitaji kioo cha namba 10 au zaidi, pamoja na kofia inayofunika uso mzima, kwa sababu mwanga wake hubeba miale inayounguza sehemu ya mbele ya jicho na ngozi. Maumivu yake huchelewa saa kadhaa, na mara nyingi hufika usiku, mtu akihisi kana kwamba macho yamejaa mchanga. Anayesimama karibu akitazama huumia vilevile, awe kijana anayejifunza au mtoto aliyetumwa kuleta maji. Wote hao waondolewe au wawekewe kizuizi kati yao na mwanga.

Fundi mmoja, kazi mbili

Mafundi wengi wa Rwamgasa hawafanyi kazi moja tu. Mtu yuleyule hukata kwa gesi, husaga kingo kwa grenda, huunga, kisha husaga tena. Kumtaka abadilishe miwani kila baada ya dakika tano ni kumwandaa aache kuvaa. Kwa fundi wa namna hiyo ipo miwani yenye vioo viwili kila upande: cha nje chenye giza, kinachoinuliwa kwa kidole, na cha ndani cheupe kinachobaki mahali pake. Akichomelea hushusha kioo cha nje. Akisaga hukiinua, na macho yanabaki yamefunikwa. Kabla ya kununua, ahakikishe kwamba kioo cha ndani ni cha polikaboneti, kwa maana miwani mingine ya aina hiyo huwekwa kioo cha kawaida ndani.

Kusoma alama dukani

Katika maduka ya vifaa ya Katoro na Geita mjini, miwani hupangwa pamoja na mara nyingi hufanana kwa macho. Kinachozitofautisha ni alama zilizochorwa kwenye kioo na kwenye fremu yenyewe. Karatasi iliyobandikwa hubanduka na huweza kubandikwa na yeyote.

Miwani iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166 hubeba herufi ya uimara. Herufi F maana yake kioo kimejaribiwa kwa kurushiwa gololi ndogo ya chuma kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Herufi B ni kwa mwendo wa mita 120 kwa sekunde, na A ni kwa mita 190. Ikikumbukwa kwamba ukingo wa diski husafiri karibu mita 66 kwa sekunde, fundi wa grenda ataona kwa nini herufi B inafaa zaidi kuliko F. Kama kioo na fremu vina herufi tofauti, ile ya chini ndiyo ihesabiwe. Miwani iliyotengenezwa kwa kiwango cha Marekani huandikwa Z87, na iliyojaribiwa kwa kishindo kikubwa huandikwa Z87+.

Kwa kioo chenye giza, alama ya Marekani ni herufi W ikifuatwa na namba, kwa mfano W5. Kwa alama ya Ulaya, kioo cha kuchomelea huandikwa namba yake peke yake mwanzoni. Kikiandikwa 5-2,5 au 5-3,1, fundi asidanganywe na ile 5 ya mwanzo. Alama hiyo inaonyesha kioo cha kukinga jua, wala si kioo cha kuchomelea cha namba 5. Kioo kisicho na alama yoyote kichukuliwe kuwa hakina kinga iliyothibitishwa, hata kama muuzaji anakisifu.

Kisichozuiwa na miwani

Rwamgasa, jina linaloandikwa pia Lwamgasa, limetajwa katika tafiti za afya za nchi nyingi kwa sababu ya zebaki. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), wakazi 180 wa hapa walipimwa, na matokeo yao yakalinganishwa na ya wakazi 31 wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Takriban robo ya wachomaji wa mchanganyiko wa dhahabu na zebaki walikutwa na dalili za sumu hiyo mwilini. Katika kundi la kulinganisha hakukutwa hata mmoja.

Jambo hili linahusu miwani kwa sababu moja. Mchomaji aliyevaa miwani mizuri huweza kudhani amejikinga na kazi yote. Miwani hukinga macho tu. Zebaki huchemka katika nyuzi joto 357, na mvuke wake huingia kwa pumzi. Kitambaa cha puani au barakoa ya vumbi haiuzuii. Hata dhahabu iliyokwisha kuchomwa huweza kubaki na zebaki, ambayo hutoka inapoyeyushwa tena kwenye nyuzi joto 1,064 ndani ya chumba cha mnunuzi. Kinga ya mvuke huo ni chombo kilichofungwa kinachokamata zebaki na kuirudisha, eneo la wazi lililo mbali na makazi, au kuacha zebaki kabisa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na kituo cha mfano cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kilichopo Lwamgasa kilijengwa ili kuwaonyesha wachimbaji wadogo njia za kuchenjua dhahabu bila kuitumia.

Utunzaji

Miwani yenye michubuko huonyesha vibaya, na isiyoonyesha vizuri huvuliwa. Ioshwe kwa maji na sabuni laini kabla ya kufutwa, kwa sababu kufuta vumbi la mawe kwa kitambaa kikavu ni sawa na kukisugua kioo kwa msasa. Petroli na tina visitumike, maana huidhoofisha polikaboneti. Miwani isiwekwe kioo kikiwa chini kwenye meza ya kazi, bali ihifadhiwe ndani ya soksi safi au kopo. Kioo chenye ufa, au kilichotobolewa vidoto vingi na cheche, kibadilishwe mara moja.

Ni vyema kila fundi awe na miwani yake. Inapolazimu kutumia moja kwa zamu, ioshwe kila inapohama mikono. Mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu uliotangazwa na Wizara ya Afya Januari 2024 ulionyesha namna maradhi ya macho yanavyohama upesi kati ya watu wanaoshirikiana vitu.

Jicho likiumia

Vumbi likiingia, jicho lisisuguliwe. Lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka taratibu. Likiingiwa na kemikali au chokaa, maji yaendelee kutiririka kwa dakika 20 au zaidi, na safari ya kituo cha afya ianze mara baada ya hapo.

Chembe ya chuma iliyoshikamana na jicho isitolewe na fundi mwenzake kwa ncha ya sindano, njiti au pembe ya leso. Desturi hiyo imezoeleka gerejini, lakini mkono usio na taaluma huweza kukwaruza au kutoboa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kuingiza vijidudu. Chuma kikiachwa huota kutu ndani ya siku chache na kuacha doa linalohitaji kuondolewa na mtaalamu. Ikiwa kitu kimetoboa jicho, kisichomolewe wala jicho lisibanwe wala lisioshwe. Lifunikwe kwa kitako cha kikombe safi cha karatasi bila kuligusa, na majeruhi afikishwe hospitali bila kuchelewa. Dawa za kienyeji zisitiwe jichoni.

Huduma ya kwanza hupatikana katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita au Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Maumivu, ukungu au wekundu usiopungua kwa siku moja ni sababu tosha ya kwenda.

Wajibu wa mwenye kazi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, pamoja na kuwapatia vifaa kinga pale hatari haiwezi kuondolewa kwa njia nyingine. Mwenye karasha au gereji aliyeajiri vijana anapaswa kuihesabu miwani pamoja na diski na gesi, yaani kama gharama ya kazi. Haifai kumwachia kijana anayejifunza ainunue mwenyewe.

Kwa mafundi waliojiajiri, njia iliyo wazi ni kujiunga katika vikundi. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hugawanywa kwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Kikundi kinachoandaa andiko la mradi wa uchomeleaji kinaweza kuorodhesha vifaa kinga pamoja na mashine, na ushauri juu ya andiko hilo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Karasha likivunjika, chuma hukatwa, huungwa, na kesho yake mawe husagwa tena. Grenda ikifa, nyingine hununuliwa Katoro. Jicho halina kipuri, na fundi aliyelipoteza hawezi kupima mstari wala kuona kama dhahabu imeshikana. Kabla ya kuwasha grenda au gesi, fundi ajiulize kama kinachokuja ni chembe au ni mwali, kisha avae miwani iliyotengenezwa kwa hatari hiyo.